Tunashukuru kwa Nini Siku ya Mavuno?

Kila mwaka kipupwe kinapokaribia kwisha na mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, makanisa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, toka Tukuyu hata Iringa, hufanya Sikukuu ya Mavuno. Madebe ya mahindi na maharage, viazi, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu huletwa mbele ya altare. Padre huviombea, kisha nje huwa mnada, na aliyeleta jogoo mara nyingi humnunua jogoo wake mwenyewe kwa bei ya kutisha, watu wakacheka. Ni siku njema, wala hatutaki kuiharibu. Lakini lipo swali ambalo siku ile haliulizwi: twamshukuru Mungu kwa nini hasa?

Desturi hii tuliipokea. Sikukuu ya Mavuno kama tuijuavyo huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1843, wakati Kasisi Robert Hawker alipowaita watu wa parishi yake ya Morwenstow, Uingereza, waje kushukuru. Kwao huangukia Septemba au Oktoba. Sisi tumeisogeza ifuate mahindi yetu, na ni vema. Majira mengine ya Kanisa hayakusogezwa, hata hivyo yametuangukia kwa namna ya kushangaza. Majilio, wakati wa kungoja, hutukuta tukitazama mawingu, mbegu i mkononi. Na Kwaresima huja Februari na Machi, katikati ya kifuku, wakati shamba limejaa kijani na ghala limebaki na vumbi.

Mgeni aonaye kijani hicho hudhani ni shibe. Vitabu vya shule huwafundisha watoto wetu habari za vuli na masika, lakini vuli ni ya wenzetu wa pwani na kaskazini. Huku mvua ni moja tu, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, nayo ikishindwa hakuna ya pili ya kuisaidia. Basi chakula cha mavuno ya Julai lazima kivuke hata mahindi mapya yakomae. Sisi tunaofundisha hatuna haja ya kuuliza ni nyumba zipi hazikuvuka. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu mwezi Oktoba, mwezi Februari saa nne asubuhi amelaza kichwa juu ya dawati. Amefunga Kwaresima bila kuulizwa.

Ndipo swali linapokuwa gumu. Tukisema mvua ni zawadi ya Mungu kwetu, je, aliyeikosa alinyimwa na nani? Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Isimani, ng'ambo ya Iringa, kwenye mteremko wa kuelekea bonde la Ruaha, huweza kupata thuluthi yake au pungufu. Na hiyo Isimani miaka ya 1950 na 1960 ilisifika kwa mahindi, malori yakipishana, kabla ya ardhi kuchoka kwa kulimwa zao moja mwaka hata mwaka. Je, watu wa huko walipendwa na Mungu miaka ile, kisha wakaachwa? Bwana wetu alikwisha kulikata neno hilo aliposema kwamba mvua huwanyeshea wenye haki na wasio haki pamoja. Mvua si cheti cha tabia njema.

Tukumbuke pia kwamba ile sala ya Farisayo katika Luka 18, ambayo Bwana aliikataa, ilikuwa sala ya shukrani. Mtu yule hakuomba kitu. Alishukuru tu, lakini alishukuru kwa kujipima na mwenzake aliyesimama nyuma. Hofu yetu ni kwamba shukrani zetu nyingi ni za ukoo huo.

Bei nayo iko vivyo hivyo. Kwa miaka mingi Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo mikoa iliyotegemewa na taifa kwa mahindi. Mkulima wa huku akipata bei nzuri hushangilia, na ana haki, maana mwaka 2017 mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje aliona bei ikianguka huku magunia yamejaa nyumbani. Lakini bei nzuri mara nyingi maana yake ni kwamba mahali fulani mvua imekosa. Ashukuru kwa lipi?

Wengine watatujibu kwamba mavuno ni jasho. Mbolea haikununuliwa na malaika. Ni kweli. Tena wapo, hatukatai, ambao kifuku kizima waliushughulikia ulanzi kuliko palizi. Lakini mtoto aliyelala juu ya dawati hakunywa ulanzi.

Katika Kumbukumbu la Torati 26, mtu aletaye kapu la malimbuko huamriwa kwanza asimulie jinsi baba zake walivyokuwa wageni na watumwa. Kisha ale na kufurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Hatambui kapu kuwa ni malipo yake. Akiisha kulitambua hivyo, hana tena hoja ya kumwambia mgeni kuwa si lake. Shukrani ya namna hiyo twaweza kuisema hata mbele ya jirani aliyekosa, bila kuona haya, maana ndani yake amekwisha kuhesabiwa.

Sasa turudi kwenye mnada. Debe likiuzwa Agosti, fedha yake mara nyingi haiwezi kununua debe Februari. Twapendekeza basi kwamba sehemu ya mahindi ya sadaka isiuzwe. Ianikwe hata ikauke sawasawa, itiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiipate, iwekwe ghalani mpaka juma la Jumatano ya Majivu. Ufunguo washike wazee wa kanisa pamoja na Umoja wa Akina Mama, na walimu waulizwe ni watoto gani. Mahindi yatoke jioni, wala majina yasisomwe kanisani.