Fyuzi Imeungua, Tumuulize Nani?

Kuna swali la maadili ambalo mafundi redio hulijibu kila siku bila kuliita hivyo: fyuzi ikiungua, ni halali kuweka waya?

Tuchukue ampli ya kuunda mtaani. Transfoma imetolewa kwenye mashine chakavu, kapasita mbili kubwa kama makopo, transista za 2N3055 zimebanwa kwenye kipande kinene cha alumini ili zipoe. Imekodiwa kwenye harusi ya uani. Saa nne usiku, watu ndio kwanza wamechangamka, muziki unakata. Fundi anafungua: fyuzi imeungua. Anaweka nyingine, nayo inaungua. Hana ya tatu. Mwenye shughuli amesimama mgongoni kwake, vijana wanapiga miluzi. Pale chini kuna pakiti ya sigara, na ndani yake ile karatasi ya fedha. Dakika mbili tu, muziki unarudi.

Amekosea? Wengi wetu tungejibu, "Kidogo." Hebu tuangalie amefanya nini hasa.

Fyuzi ni waya mwembamba uliochaguliwa makusudi uwe dhaifu kuliko vyote. James Prescott Joule alieleza mwaka 1841 kwamba joto kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Fyuzi ya ampea 2 hufa mapema ili joto hilo lisifike mbali. Weka badala yake uzi mmoja wa shaba wenye unene wa robo milimita, na hautayeyuka mpaka mkondo ukaribie ampea 10. Yaani hatari haijaondoka, imehamishwa. Kitakachoungua sasa ni transfoma, au waya uliopita ukutani.

Ndiyo maana mimi naiona fyuzi kama ahadi. Imewekwa mchana na mtu aliyetulia mezani, kwa ajili ya mtu atakayekuwa na haraka usiku. Mara nyingi ni mtu yuleyule. Angekuwa anavunja ahadi kwa hasara yake peke yake, tungemwachia mwenyewe. Lakini ule waya wa ukutani unapita kwenye chumba ambacho kuna mtoto amelala. Fundi na mwenye shughuli wamekubaliana vizuri tu. Anayebeba hatari hakuwepo kwenye mazungumzo. Hapo ndipo neno "kidogo" linaponishinda.

Mtu atasema: maadili hayo ni ya wenye akiba. Fundi akizima ampli, hela ya kukodi inarudishwa, na kesho nyumbani kwake hakuna unga. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza pengine hajawahi kudaiwa hela ambayo ameshaila. Lakini umaskini unatueleza kwa nini mtu alifanya jambo. Hauwezi kutoa ruhusa kwa niaba ya jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye huenda ni maskini kumzidi.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi: fyuzi nayo huungua bure. Ukiwasha ampli, transfoma kubwa na kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Fyuzi ya haraka, ile yenye herufi F, inaweza kuungua hapo wakati hakuna kilichoharibika. Dawa yake ni fyuzi ya T, inayovumilia kidogo, kwa ampea zilezile. Kwa hiyo kuitii fyuzi bila kufikiri si uadilifu, ni woga tu. Kinachomtofautisha fundi mwema ni kwamba anauliza kwanza, ndipo anabadilisha.

Na kuuliza kuna njia zake. Anatoa spika, anaunga balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, mfululizo na ampli. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, ulikuwa mkondo wa kuwasha tu. Halafu anahesabu spika. Nne za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na ampli iliyoundwa kwa omu 8 inadaiwa mkondo mara nne. Hapo mbovu si ampli, ni sisi tuliotaka mtaa mzima usikie.

Mwisho anatafuta chanzo cha joto. Transista ikipata moto hupitisha mkondo zaidi, na mkondo huo huleta moto zaidi. Ili mzunguko huo ukatike, kuna transista ndogo ya kuratibu inayobanwa kwenye alumini ileile, ihisi joto na kuupunguza mkondo. Ikiachwa mbali kwenye bodi, inapigwa na upepo na kuendelea kutoa ripoti kwamba hali ni shwari, huku wenzake wanaungua. Sisi tunaofanya kazi ya habari tumewahi kukutana na viongozi wa namna hiyo. Tumekutana pia na karatasi ya sigara: mleta habari mbaya anaondolewa, habari mbaya inabaki palepale. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi yule fundi afanye nini, saa nne usiku, miluzi ikiendelea? Azime. Atoe spika mbili. Atume kijana wa bodaboda akatafute fyuzi sahihi. Watu watalalamika, walalamike. Wakati wanasubiri, ngoma zipo, na vigelegele havihitaji umeme.