Pesa ya Mama wa Kabichi

Somo: Walawi 19:13, Mithali 3:27-28, Yakobo 5:4

Jumapili iliyopita nilisimama madhabahuni nikasema nina jambo la kutubu. Wengine wakacheka, wakadhani ni utani wa kuanzia mahubiri. Haukuwa utani. Kwa vile wengi hamkuwepo, wazee wameniomba niliandike.

Mnakumbuka kongamano letu la mwisho wa Agosti. Siku nne watu walikula wakashiba. Kabichi, viazi na karoti zilitoka kwa mama mmoja wa huko juu Werugha. Jina lake silitaji. Aliamka saa tisa usiku, akakodi pikapu, wakashuka zile kona za Wundanyi mpaka Mwatate, wakafika Voi jua halijawa kali. Hakuna hata kabichi moja iliyokuwa imenyauka. Tulipima, tukatia sahihi kwenye karatasi, nami nikamwambia, "Mama, usijali, wiki hii tunakutumia kwa simu."

Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Ile karatasi ilikuwa kwangu, ndani ya Biblia yangu. Na pesa ilikuwepo kwenye akaunti! Hapo ndipo penye dhambi, kwa sababu kama pesa isingekuwepo ningekuwa na la kujitetea.

Wapendwa, mnajua nilisomea biashara. Chuoni kuna somo la mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa kutoka kwa mkulima, kwa mwenye gari, kwa dalali, kwa mwenye duka, mpaka ifike kwenye sahani yako. Ni somo zuri na nililipenda. Lakini tulifundishwa pia kwamba ukikusanya pesa yako haraka na kuwalipa wengine polepole, ile inayobaki mkononi mwako ni kama mkopo usio na riba. Kampuni kubwa hulipa baada ya siku 30, 60, hata 90, na meneja anapongezwa. Mtihani huo niliupita vizuri. Kwa hiyo nilipomchelewesha yule mama sikujiona mwizi, nilijiona meneja. Spika zilikuwa zimeharibika, nikasema tumlipe fundi kwanza, maana fundi huyo akikudai anakuja mpaka mlangoni na sauti ya juu.

Mama wa Werugha hana sauti ya juu. Alinipigia mara mbili tu. Alianza na salamu ndefu, akaulizia watoto, akamuulizia Mama Mchungaji, ndipo akasema, "Pasta, na ile yetu bado?" Nikamjibu, "Bado kidogo mama, tuzidi kuombeana." Yaani nilitumia maombi kumfukuza mtu ninayemdai radhi na pesa!

Wiki ya kumi nilipanda Werugha kwa mazishi, nikapita kwake. Mvua ya vuli ilikuwa imeshaanza. Nusu ya shamba ilikuwa imepandwa. Nusu nyingine ilikuwa majani. Nikamuuliza, kwa nini huku hujapanda? Hakukasirika. Akasema, "Mbegu na mbolea zilinishinda mwanangu. Nilikuwa nangojea ile ya kanisa."

Nilikosa pa kuangalia.

Hebu tufikirie pamoja. Katika mnyororo huu bidhaa zinashuka, lakini pesa lazima ipande. Kabichi ikishuka na pesa isipande, msimu unaofuata hakuna kabichi. Mvua haingoji sahihi ya mweka hazina. Na sisi watu wa Voi tunakaa katikati. Barabara ya Mombasa na Nairobi iko hapa, reli iko hapa, barabara ya Taveta mpaka Holili inaanzia hapa. Ndizi za Taveta na mboga za milimani zinapitia mikononi mwetu. Mtu wa katikati ndiye mwenye jaribu la kuikalia pesa.

Mungu analijua jaribu hilo. Walawi inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi. Si siku 30, ni usiku mmoja! Kumbukumbu la Torati 24 inaeleza sababu: ni maskini, na moyo wake uko kwenye ile pesa. Mithali inatuonya tusimwambie jirani aende arudi kesho wakati kitu chenyewe tunacho. Na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inafika masikioni mwa Bwana.

Hapa kwetu tunajua habari hiyo. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli kutoka Voi kwenda Maktau, ili wapeleke askari na vyakula kupigana na Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta. Reli ilipoishia, mizigo ilibebwa na wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Nairobi na ya Dar es Salaam. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa kuliko risasi. Mishahara ya wengi wa hao marehemu haikuwafikia jamaa zao. Nenda makaburi ya vita hapa Voi au kule Taveta uone mawe yaliyoandikwa majina ya askari. Wapagazi wengi hata walipolala hapajulikani. Lakini Yakobo anasema ujira wao una sauti, na sidhani imenyamaza kwa kupita miaka mia moja.

Sasa mtu ataniambia, "Pasta, mimi mwenyewe nadai. Nilipeleka bidhaa ofisi kubwa, huu mwaka wa pili sijaona kitu." Ninakuelewa, na hiyo inauma. Kama huna, mwambie anayekudai ukweli: huna, tarehe fulani utakuwa na kiasi fulani. Mpe hata nusu. Mimi sizungumzi na asiyenacho. Nazungumza na wewe ambaye pesa ya maziwa ya jirani iko kwenye simu yako hivi sasa, na dada anayekusaidia nyumbani umemwambia angoje mwisho wa mwezi ujao.

Yule mama nilimtumia pesa yake nikiwa nimesimama hapo hapo shambani. Nikaongeza kidogo ya mfukoni mwangu. Simu yake ikalia, akasoma, akaniuliza, "Hii ya juu ni ya nini?" Nikamwambia ni ya mbegu. Akanyamaza, kisha akasema mbegu za sasa zimechelewa, ataiweka ya mvua ya masika.

Wazee wamekubali kitabu cha madeni ya kanisa kifunguliwe kila Jumatatu, na wa kwanza kulipwa awe aliyetoa kitu shambani au aliyefanya kazi kwa mikono yake. Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa ofisini. Kama ulituletea kuni, maziwa, viti, au ulipika jikoni siku zile na hujalipwa, njoo na karatasi yako. Kama karatasi imepotea, njoo hivyo hivyo.