Uchumba Ukivunjika

Katika vijiji vya Ituri uchumba si jambo la watu wawili tu. Jamaa zote mbili hukutana, mahari hutajwa, na kijiji kizima hupata habari. Basi kijana akienda kwenye machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu, kisha ikajulikana ya kuwa ameoa mwingine huko, binti aliyemngojea karibu na Bunia huumia mara mbili: moyo wake wajeruhiwa, na watu wamnong'ona kisimani. Je, mtu aliyeachwa hivi amepungukiwa na thamani yake?

La, hata kidogo. Thamani ya mtu haikutoka kwa mchumba wake. Kwa hiyo mchumba hawezi kuondoka nayo. Mahari yaweza kuhesabiwa na kurudishwa; heshima ya binti haikuhesabiwa pamoja na mbuzi.

Yafaa pia kutofautisha uchumba na ndoa. Ndoa ni kifungo. Uchumba ni ahadi. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yasema ya kuwa uchumba hauwalazimishi wachumba kuoana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1062, yasema vilevile ya kuwa ahadi hiyo haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe, ingawa hasara yaweza kudaiwa. Basi wazazi wasimshurutishe binti kumngoja asiyerudi, wala wasimsukume kwa mume mwingine ili kufuta aibu. Aibu hiyo si yake, na haraka haraka haina baraka.

Tena, upweke hauponywi kwa ndoa peke yake. Naomi alifiwa na mume na wana wawili katika nchi ya Moabu. Mwenzi aliyempata hakuwa mume, bali Ruthu, mjane wa mwanawe, aliyekataa kumwacha. Walifika Bethlehemu, Ruthu akaokota masazo ya shayiri ili wapate kula. Ndoa yake na Boazi ilikuja baadaye. Angalieni utaratibu huo: kwanza rafiki, kisha kazi, ndipo nyumba mpya.

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya Kanisa. Jumuiya inayomwombea binti aliyeachwa, lakini isishike jembe siku moja kulima naye, imefanya nusu tu ya wajibu wake.