Saumu ya rubani na amana ya abiria

Ramadhani mbili zilizopita nilitoa darsa baada ya swala ya Alasiri katika msikiti mmoja hapa Dar es Salaam. Mada ilikuwa ruhusa katika funga. Nilipofika kwa msafiri nikasema, kwa kujiamini kulikozidi elimu yangu, kwamba msafiri wa zamani alipanda ngamia juani, wa leo amekaa kwenye kiti cha kunesa anapulizwa na kiyoyozi. Huyu naye ana udhuru gani wa kula mchana? Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Sikujua kuwa safu ya nyuma alikuwepo rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, aliyekuja likizo fupi. Yeye ni rubani msaidizi wa ndege za masafa marefu katika shirika moja la Ghuba. Siku ile hakusema kitu. Alirudi baada ya miezi kadhaa, akaketi barazani kwangu, akaniambia: "Ustadh, nilikusikiliza, nikafunga. Sasa na wewe nisikilize." Aliyonieleza nayaandika kwa idhini yake.

Sisi abiria tunamdhania rubani ni mtu wa kubonyeza vitufe na kupiga picha na miwani myeusi. Ndege ya safari ya saa 14 au 15, mfano ile ya Nairobi hadi New York iliyoanza Oktoba 2018, hubeba marubani wanne. Wawili wanaongoza, wawili wanakwenda kulala kwenye vitanda vyembamba, kisha wanapokezana. Usingizi wenyewe ni wa ratiba: umeambiwa lala sasa, hata kama mwili unakuambia ni mchana. Kuanzia kama saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, kwa saa ya mwili na siyo ya ukutani, akili ya binadamu huwa nzito kuliko wakati wowote, na mara nyingine huo ndio muda wa kutua. Hewa ya ndani ni kavu mno, hivyo rubani husisitizwa anywe maji. Hata chakula, kapteni na msaidizi wake hula tofauti, ili kimoja kikiwa kibaya asikosekane mtu wa kutua. Niliposikia hilo nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha kuna jua. Ndege inayoondoka Dubai asubuhi kwenda New York huruka takribani saa 14 na kufika alasiri ya siku ile ile, kwa kuwa inakwenda upande jua linakoelekea. Aliyekula daku Dubai, machweo yake yatamkuta New York, zaidi ya saa 20 tangu alfajiri aliyoiacha.

Kabla ya darsa yangu, huyu bwana alikuwa akila siku za kuruka na kulipa akiwa mapumzikoni. Baada ya darsa akaona haya. Akafunga safari nne. Katika ya nne, wakikaribia kutua, waongozaji wa chini wakawapa mwinuko wa futi 3,000. Yeye akarudia redioni sawasawa, "elfu tatu", kisha mkono wake ukaweka 2,000. Kapteni akaona papo hapo, akarekebisha, wakatua salama. Abiria wakashuka wakilalamikia mizigo.

"Kapteni aliniuliza kama niko sawa," akasema. "Nikamjibu niko sawa. Ustadh, ule ulikuwa uongo au haukuwa?"

Ndugu msomaji, nilitamani aniulize suala jingine lolote.

Mei 22, 2010 ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilipita mwisho wa barabara ya kutulia kule Mangalore, India, ikaporomoka bondeni. Watu 158 walifariki. Haikuwa Ramadhani. Uchunguzi ulionesha kuwa kapteni alilala sehemu kubwa ya safari, hata kinasa sauti kilinasa mkoromo wake, akaamka muda mfupi kabla ya kutua na asimsikilize msaidizi wake aliyemtaka apaishe ndege tena. Uchovu hauna dini.

Kosa langu lilikuwa kutazama kiti. Nilimtazama abiria aliyelala, nikamsahau anayembeba. Na hadithi niliijua, nimeifundisha darasani, ile aliyoipokea Anas (r.a.): Masahaba walikuwa safarini siku ya joto kali, waliofunga wakaanguka kwa uchovu, wasiofunga wakasimamisha mahema na kunywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa wasiofunga ndio walioondoka na ujira siku ile. Tazama sababu yake: walikula, wakapata nguvu ya kuwahudumia wenzao.

Wapo watakaosema kwamba rubani maisha yake yote ni safari, basi atafunga lini? Atalipa siku zake za mapumziko, hata zikiwa siku fupi za kipupwe. Usafiri wa kila mara haumwondolei hukumu ya msafiri. Wapo pia watakaosema alifunga kwa ikhlasi. Sina shaka na ikhlasi yake. Lakini njaa ile hakuibeba peke yake, waliibeba pamoja naye watu zaidi ya 200 ambao hawakuulizwa, wamo Waislamu na wasio Waislamu, na watoto wachanga ambao saumu haijawafikia. Mtu anaweza kutoa sadaka mali yake. Ya wenzake aliyowekewa amana hawezi kuitoa bila wao kujua.

Kuhusu suala lake nilimjibu kuwa ndiyo, ulikuwa uongo, na sehemu yake ni yangu. Nikamshauri amwambie kapteni ukweli. Alinyamaza, akahofia kazi yake, akahofia zaidi kwamba kapteni, ambaye si Muislamu, angeona dini yetu ndiyo yenye kosa.

Alimwambia wiki tatu baadaye, walipopangwa pamoja tena. Akanipigia simu kutoka hotelini. Kapteni hakumlaumu kwa kufunga. Alimuuliza tu kwa nini hakusema mapema, ili yeye awe ndiye wa kutua.

Mimi nami nilirudi msikitini pale, Alasiri ile ile, nikaisahihisha darsa yangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akaniuliza kama hukumu hiyo inamhusu na dereva wa basi la Mwanza.