Mtoto Asiyesemeshwa

Wasomaji wetu wengi wanayo desturi njema ya kupeleka unga, sabuni na nguo katika nyumba za kulelea yatima, hasa wakati wa Kwaresima na wa Noeli. Twaisifu desturi hiyo. Lakini leo twapenda kuuliza swali ambalo pengine litamwudhi mtu: mtoto mchanga aliyeshiba, aliyeogeshwa na kulazwa katika kitanda safi, je, amekwisha kupewa haki yake yote?

Wengi watajibu kwamba ndiyo. Husema kuwa mtoto wa miezi sita hajui kitu. Maneno atafundishwa akikua. Hata baba wa nyumbani hufikiri hivyo, akaketi jioni nzima na simu mkononi, na mtoto yu mkekani mbele yake akimtazama usoni.

Swali hili ni la zamani. Salimbene wa Parma, Mfransisko wa karne ya 13, aliandika kwamba Kaisari Frederick wa Pili alitaka kujua watoto wangesema lugha gani kama wasingesemeshwa na mtu. Akawaamuru walezi wawanyonyeshe na kuwaogesha, ila wasiwaambie neno. Watoto wakafa wote. Salimbene hakumpenda Kaisari huyo, basi hatuthubutu kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini yaliyotukia Rumania katika karne iliyopita yalionwa na watu wengi kwa macho yao.

Tangu mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa amri za kuwalazimisha watu wazae sana, na wazazi maskini wakawaacha watoto wao mikononi mwa serikali. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1989, watoto zaidi ya laki moja walikutwa katika nyumba za kulelea. Chakula kilikuwapo, ingawa duni. Vitanda vilikuwapo, vimepangwa safu safu. Mlezi mmoja alitunza watoto wengi, na zamu yake ilipokwisha akaja mwingine. Mtoto aliyelia hakujiwa na mtu, naye mwishoni akaacha kulia. Wageni walistaajabia ukimya wa vyumba vile. Walikuwamo watoto wakubwa wasioweza kusema, na wengine wasiotembea, maana hakuna aliyewanyoshea mikono waje kwake. Wengi walikaa wakijitikisa mbele na nyuma mchana kutwa.

Kuanzia mwaka 2000 wataalamu watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walichunguza watoto 136 wa nyumba hizo mjini Bucharest, wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Nusu yao walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kulelewa katika familia. Je, ni haki kuwapigia watoto kura? Sisi twaona uzito wa swali hilo, ingawa wataalamu walijibu kwamba kabla yao familia za namna hiyo karibu hazikuwapo mjini, wala hawakumzuia mtoto ye yote kuondoka akipata makao.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Waliopata familia kabla ya miezi 15 walikuja kusema kama watoto wenzao wa mjini. Waliochelewa kupita miezi 24 hawakuwazidi sana wale waliobaki vitandani. Na habari za akili zilikuwa karibu vile vile.

Kwa nini iwe hivyo? Mtazameni mama yeyote wa kijijini. Ampakata mwanawe amwulize, “Nani huyu amekasirika?” Kisha ajijibu mwenyewe kwa sauti ndogo, “Ni mimi, mama.” Watu humcheka. Lakini mama huyo anamkopesha mtoto neno “mimi” kabla hajaweza kulitamka. Mtoto hajui kwanza kuwa yeye ni mtu, ndipo atafute wenzake. Huitwa “wewe” mara elfu na elfu, na katika kuitwa huko hupata habari zake mwenyewe. Ndiyo sababu mara nyingi hujitaja kwa jina tulilompa sisi, “Yusufu anataka maji,” kabla ya kusema “Nataka.” Basi anayemnyima mtoto usemi hamnyimi pambo la utu, bali mlango wake.

Hatuwalaumu masista na walezi. Mikono miwili haiwezi kupakata watoto kumi. Wa kuulizwa ni sisi tulio nje, kwa kuwa wengi wa watoto hao wanaitwa yatima hali baba yu hai, au yuko bibi, au shangazi, aliyeshindwa na umaskini tu. Gunia la unga tulipelekalo kwa gari hadi kwenye nyumba ya yatima lingeweza kupelekwa kwa shangazi huyo, pamoja na karo na nauli ya hospitali, naye mtoto akabaki mgongoni mwa mtu amjuaye. Na pale pasipo ndugu kabisa, ziko nyumba katika parokia zetu zenye nafasi ya mmoja zaidi, kwa kufuata sheria na kibali cha ustawi wa jamii.

Tena kuna jambo la kuhesabu. Mtoto aliyeletwa huko wakati wa Kwaresima akiwa na miezi mitatu, Noeli tukija na zawadi zetu atakuwa na mwaka mmoja kamili.