Safari Salama Si Sahihi ya Mungu

Somo: 2 Samweli 6:1-11, 1 Mambo ya Nyakati 15:11-15



Mei 25, 1979, ndege ya American Airlines aina ya DC-10 iliondoka Chicago kwenda Los Angeles ikiwa na watu 271. Ikiinua tu pua, injini ya kushoto ikang'oka na kuanguka kwenye barabara ya kurukia ndege. Ilirarua mabomba ya haidroliki, bawa la upande ule likakosa nguvu ya kubeba, ndege ikalala ubavu. Ilikuwa angani sekunde 31. Walikufa wote, na wengine 2 waliokuwa chini.

Sasa sikieni chanzo. Wiki 8 kabla ya hapo, mafundi walikuwa wameishusha injini ile kubadilisha beringi. Watengenezaji walishauri: toa injini kwanza, halafu mhimili unaoishikilia kwenye bawa. Kampuni ikaona vikitolewa pamoja kwa foklifti, inaokoa kama saa 200 za kazi kwa kila ndege. Mimi nilisomea biashara, na nawaambia ukweli, pendekezo hilo ningelipigia makofi. Lakini foklifti ikisogea kidogo tu, chuma kinagonga chuma. Ufa ukaingia mahali ambapo jicho halifiki.

Tukae hapa kidogo. Wiki 8 nzima ndege ile iliruka na kutua, ikaruka na kutua. Nani angekuambia kuna shida?

Sheria ilisema sanduku la Mungu libebwe mabegani na Walawi. Daudi akalipandisha kwenye gari jipya la ng'ombe. Na gari lilienda! Vinubi, matari, watu wanacheza, mpaka ng'ombe walipojikwaa. Tena aliyekufa si Daudi aliyepanga safari, ni Uza aliyenyoosha mkono kulishika. (Hilo hunisumbua kila nikilisoma. Abiria wa Chicago nao hawakuchagua foklifti.) Ni baadaye sana Daudi alikiri kwamba hawakufuata utaratibu.

Mwezi wa Nne, vijana wakijiandaa kwenda kambi, fundi aliniambia breki za basi letu zinataka kufunguliwa. Nikapiga hesabu, nikamwambia, ngoja kwanza watoke kambi. Basi likaenda, likarudi. Jumapili nikashika maiki nikamshukuru Mungu kwa safari njema, nanyi mkasema amina. Hamkujua mnaitikia nini. Mimi nilijua, na bado nikahesabu kule kurudi kwao kama Mungu ametia sahihi uamuzi wangu.

Nimeshaongea na Mchungaji Kiongozi na wazee wa kanisa. Sasa naongea nanyi wazazi ambao watoto wenu walikuwa ndani ya lile basi: nisameheni.

Basi liko gereji tangu Jumatatu. Kwaya inayokwenda mazishini Jumamosi itapanda matatu, na nauli nitatoa mwenyewe. Fundi amesema wiki mbili. Tafadhali msinipigie simu kuuliza kama anaweza kuharakisha.