Gunia la Kweli ni Mahubiri

Somo: Matendo ya Mitume 18:1-4 na 24-28



Jumapili moja baada ya ibada kijana wetu aliniuliza: "Baba Mchungaji, sisi tutatuma wamisionari lini? Kila mwaka tunapokea wageni wanaokuja kutuhubiri hapa Nakivale, lakini sisi hata nauli ya kufika Mbarara hatuna." Swali hilo lilininyima usingizi. Leo tulijibu kwa Neno.

Paulo anafika Korintho na kuwakuta Akila na Prisila. Hawa walikuwa nani? Walikuwa wakimbizi. Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi watoke Rumi. Waliacha nyumba na majirani, kama wengi wetu tulivyoacha Uvira, Fizi na Masisi. Lakini ufundi wao hawakuuacha. Walijua kushona mahema, na huko ugenini wakashona. Paulo alikuwa na kazi hiyohiyo, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja, na kila sabato akazungumza na watu katika sinagogi. Baadaye, kule Efeso, mume na mke hawa ndio waliomchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Amri ya kufukuzwa ndiyo iliyowatoa kwao, na Mungu akaigeuza kuwa safari ya Injili.

Basi, kijana wangu, wamisionari wamekwisha kutumwa. Umekaa nao benchi moja.

Nisikilizeni habari nyingine. Mwaka 1843 Wakristo 24 weusi walivuka bahari kutoka visiwa vya Karibi, karibu wote wakiwa wa Jamaika, wakaja nchi inayoitwa leo Ghana. Walikuwa wa uzao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, na uhuru kamili kwao ulikuwa umefika mwaka 1838 tu. Misheni ya Basel ndiyo iliyowaita, baada ya wamisionari wake wengi wa Ulaya kufa kwa magonjwa. Wakakaa Akropong, juu ya vilima. Pamoja na Biblia walikuja na mbegu na miche: maembe, maparachichi, kahawa. Walijenga, wakalima, wakafundisha. Jirani aliweza kuwaona wakiishi Ukristo wao shambani kila siku, si Jumapili peke yake. Kanisa la Presbiteri la Ghana hadi leo linawakumbuka miongoni mwa wazee wake wa mwanzo. Watoto wa waliotekwa walirudi na miche mikononi!

Sasa nishuke kwenye shamba letu, na nianze na mimi mwenyewe.

Msimu uliopita niliuza magunia mawili ya mahindi yasiyokauka vizuri. Ada ya shule ilinibana, na mawingu yalikuwa yamekusanyika. Juu niliweka makavu, chini yakabaki yenye unyevu. Aliyenunua ni mama mwenyeji, jirani yetu, ambaye si wa kanisa letu. Baada ya wiki mbili yakaota ukungu. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mchungaji, sikufungua gunia kwa sababu ni wewe."

Wapendwa, maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Nilipita mbele ya nyumba yake na Biblia mkononi, nikashindwa hata kusalimu. Nilikuwa nimemhubiria tayari, na mahubiri yalikuwa ya uongo. Nilikwenda kuomba msamaha. Gunia moja nimerudisha, la pili namalizia msimu huu. Naandika haya ili mtu wa nyumba hii asifanye kama mimi.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kulima na kufanya biashara. Tuutumie mlango huo hivi:

1. Tuuze kilicho kizuri. Anika mahindi juu ya turubai, si kwenye udongo. Kupima, tia punje pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikishikamana na chupa, bado yana maji. Ukungu huleta sumu inayoharibu ini, kwa hiyo jambo hili linagusa amri ya kutoua.

2. Tulipe kwa wakati. Yakobo 5:4 inasema kilio cha wavunaji walionyimwa ujira kinamfikia Bwana. Mtu amekulimia leo, usimwambie "rudi kesho" halafu umwalike kwenye maombi.

3. Chakula kisiwe chambo. Usiseme, "Njoo kanisani nikupe mbegu." Mpe mbegu kwa sababu ana njaa, awe Mwislamu, awe mwenyeji, awe wa kabila mliloumizana nalo. Walawi 19:9-10 iliwaachia maskini na mgeni pembe za shamba bila kuwauliza dini. Akikuuliza kwa nini umefanya hivyo, ndipo umtaje Yesu.

Sisemi aliyekosa mavuno amekosa imani. Viwanja ni vidogo, mvua inachelewa, mgao umepungua. Mwenye debe moja ahubiri kwa debe moja. Na siku Mungu akituhamisha, kurudi nyumbani au kupelekwa nchi ya mbali, tuondoke tukiwa na mbegu mkononi na jina safi nyuma yetu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetembea na Akila na Prisila barabarani, tutakase mikono na mizani zetu. Utusamehe magunia tuliyoyafunga kwa hila. Jirani akifungua letu, akukute wewe. Amina.